Mshono Usioacha Alama

Siku ya saba, saa nne asubuhi, nesi alimlaza karani wa mapokezi kwenye kitanda cha kliniki, akamwambia atazame dari, akaanza kumtoa nyuzi. Zilikuwa sita kila jicho. Alizikata kwa mkasi mdogo, akazivuta moja moja kwa kibano na kuzilaza juu ya pamba. Alipomaliza alimpa karani kioo, tyubu ya marhamu, karatasi ya masharti, na kichupa cha glasi ambamo ngozi iliyokatwa kwenye kope zake ilikuwa ikielea.

"Hii ni yako," nesi alisema. "Hapa hatubaki na kitu cha mtu. Tia sahihi."

Karani alitia sahihi. Ndani ya kichupa vile vipande viwili, vyembamba mithili ya ganda la kitunguu saumu, vilifumba taratibu, kisha vikafumbua. Nesi akamwonya asikiweke juani.

Karani huyo alikuwa amekaa kaunta ya kampuni ya bima miaka tisa. Alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote, na foleni yake ndiyo iliyokwisha kwanza kila siku. Lakini kope zake za juu zilikuwa nzito, zimeshuka, kama za mama yake na za bibi yake kabla yao, na kazini walimtania kwa jina la Bi Usingizi. Naye alicheka nao, maana utani hauna mwenyewe. Kisha msimamizi akabandika karatasi kwenye mlango wa wafanyakazi: nani ang'arishe meno, nani apunguze kidevu, nani arekebishe macho kwa sababu wateja wanadhani wanahudumiwa na mtu aliyelala. Chini kabisa iliandikwa kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba wasiopenda watahamishiwa ghala la mafaili kuanzia mwezi ujao. Wote walipenda.

Nyumbani alikaa na mama yake, fundi cherehani, wawili tu. Wiki ile ya kwanza, uso ulipovimba na kuwa na rangi ya zambarau, mama ndiye aliyemfungia barafu kwenye kitambaa na kumwekea mito miwili ili kichwa kikae juu.

"Ukitaka uzuri sharti udhurike," mama alisema. "Lakini wewe nani kakwambia unautaka?"

Nyuzi zilipotoka, mama alivaa miwani yake ya kazi, akamsogeza dirishani, akaukagua ule mshono kama anavyokagua kazi ya fundi mwenzake.

"Kashona vizuri, sitamnyima haki yake. Hatua ndogo ndogo, na hakuvuta uzi. Ila kapunguza mno."

Kisha akakiona kichupa mkononi mwa binti yake. Alikipokea, akakitazama, vile vipande navyo vikamtazama.

"Ahaa," mama alisema. "Kumbe huku ndiko ulikohamia."

Akakiweka juu ya meza ya cherehani, kando ya kopo la vifungo. Halafu akamweleza binti yake jambo moja kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Nguo aliyoishona yeye, hata ikirudi baada ya miaka kumi imebadilishwa shingo na kupunguzwa mikono, aliitambua kwa alama ya mshono wa zamani. Alama ikifutika, hakujua tena ni nguo ya nani, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Macho yale hayakuwa macho aliyoyazaa. Lakini maadamu alama ya mkato ilikuwapo, angejua aliyekatwa ni nani.

Basi ikawa desturi. Kila jioni karani alipotoka kazini alikaa kwenye benchi la wateja, akafumba macho, na mama akampitishia kidole gumba juu ya kope, kulia kisha kushoto. Wiki ya tatu kovu lilikuwa mstari wa waridi ulioinuka kidogo na kuwasha. "Ni wewe," mama alisema, akamwandalia chai. Wiki ya tano mstari ulilala. Kidole kilirudi mara mbili kabla mama hajasema. Wiki ya sita kilirudi mara nne, na mama akamwita "binti", vile wanavyoitwa wasichana wote wanaokuja kushonesha.

Karani akaingiwa na hofu. Aliichukua karatasi ya masharti akaifuata kinyume, sharti moja baada ya jingine. Ilisema apake marhamu mara mbili, akaitupa tyubu. Ilisema avae miwani ya jua. Akaketi uwanjani saa sita mchana, uso juu, chakula chake cha mchana kikiwa mapajani. Ilisema asisugue, akasugua kwa ncha ya taulo mpaka machozi yakamtoka. Kovu lilizidi kupona. Ngozi yake, kusema kweli, haikuwahi kumtii hata siku moja.

Wiki ya nane alikwenda kwa daktari akamwomba amrudishie ile ngozi, na kama haiwezekani, amwachie walau alama.

"Watu wanakuja hapa wakilia kwa sababu wana kovu," daktari alisema. "Wewe unalilia kovu lenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

Daktari aliinua kichupa kwenye mwanga. Alieleza kwamba ngozi hiyo imeshazoea kukaa peke yake, na kuishona tena kungekuwa kuisumbua. Kisha akampiga karani picha mbili, macho wazi na macho yamefumbwa, za kutundika ukutani kwenye mapokezi ya kliniki. Ilikuwa kazi yake bora ya mwaka.

"Hata mama aliyekuzaa hatajua kwamba ulipasuliwa," alimwambia kwa fahari.

"Ndivyo ilivyo," karani alijibu.

Mwezi wa tatu, jioni moja, mama aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona mlangoni.

"Karibu, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unashonesha nini?"

"Mama, ni mimi."

Mama hakumkatalia papo hapo, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa haki. Alimkalisha, akavaa miwani, akampapasa kope ya kulia, akampapasa ya kushoto, akarudia. Hapakuwa na kitu. Karani akatoa kitambulisho chake cha zamani chenye picha ya Bi Usingizi.

"Ndiye huyu," mama alisema, akatabasamu. "Mnafanya kazi pamoja?"

"Mama, nitazame."

"Nimekutazama, dada yangu. Kizuri hakikosi ila, na kwako sioni ila yoyote. Tusiongee kwa sauti. Mwanangu amechoka, ndiyo kwanza katoka kazini."

Katika kichupa zile kope zilikuwa zimeshuka, kwa kuwa ilikuwa saa kumi na mbili. Karani alilia pale kwenye benchi la wateja. Iliuma kuliko kisu cha daktari, maana hii haikuwa na ganzi. Alilia kimyakimya ili asimwamshe mtu.

Mama alimruhusu alale katika chumba cha binti yake, kwa vile siku hizi binti alilala juu ya meza ya cherehani. Asubuhi walisalimiana kwa adabu, karani akaenda kazini. Wateja walimsifu. Msimamizi naye aliridhika mpaka mwisho wa mwezi, alipobandika karatasi mpya mlangoni. Kwenye nafasi ya karani iliandikwa pembe za mdomo. Zilikuwa zimeshuka, na wateja walilalamika kwamba wanahudumiwa na mtu mwenye huzuni. Chini iliandikwa kwamba hakuna anayelazimishwa. Karani alisoma, akaomba kalamu kwa mwenzake wa idara ya madai aliyekuwa na bandeji kidevuni, akatia sahihi.

Jumamosi hiyo mama alikuwa akimshonea binti yake gauni la kazini, la buluu nzito.

"Dada, una mwili kama wake kabisa," alisema. "Hebu simama hapa nimjaribishie."

Karani alivaa gauni akasimama katikati ya chumba. Mama alipiga magoti, pini zikiwa mdomoni, akazunguka akibana kiuno. Pini moja ilipita kwenye kitambaa ikaingia ubavuni. Karani hakutoa sauti. Kaunta ilikuwa imemfunza. Lakini ndani ya kichupa kope zilijibana kwa nguvu, maji yakatikisika.

Mama aliona. Alizitema pini zote kiganjani, akainuka kwa shida, akaenda mezani akakikumbatia kichupa kifuani kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole mama, nimekuchoma? Basi, basi. Yamekwisha."

Alikibembeleza mpaka kope zikalegea. Kisha akakirudisha kando ya kopo la vifungo na kupiga magoti tena.

"Simama wima, dada," alisema, "pindo lisije likaenda upande."

Karani akasimama wima.