Madai ya Fundi wa Boila

Kikao kilianza saa nne kasorobo, chai ikiwa bado ya moto. Fundi wa boila wa kiwanda cha sabuni, mwanamke mwenye miaka kumi na tisa kazini, alisema jambo moja: boila lina ufa kwa juu, karibu na bomba la mvuke, na likiwashwa litapasuka. Alilisema akiwa ameketi wima, hana wasiwasi. Mdogo wake hufungasha sabuni hatua nane kutoka kwenye boila hilo.

Ripoti iliandikwa na katibu, kwa Kiingereza, maana wenye kiwanda hawasomi lugha nyingine. Katibu alikuwa hodari. Alijua kwamba katika Kiingereza cha ripoti neno la mtu haliachwi litembee peke yake. Hutanguliwa na nomino ya kulipokea mlangoni, na anayeichagua nomino hiyo ameshaamua mgeni atakaa wapi. Kwanza aliandika "maelezo ya fundi kwamba boila lina ufa". Visigino vya fundi vikaacha sakafu.

"Weka 'hisia'," alisema meneja.

Katibu akaweka. Fundi akapanda hadi usawa wa swichi ya taa.

"Ufa nimeupima kwa rula," alisema fundi. "Hisia gani hiyo yenye sentimita?"

"Basi 'madai'."

Kichwa cha fundi kikagusa dari. Mtu mmoja akainuka kuzima feni.

Kisha likaja neno la meneja, ambaye hajawahi kukanyaga ngazi ya boila: "ukweli kwamba boila ni zima". Kiti chake kikadidimia inchi mbili ndani ya saruji. Akaomba aongezewe mto.

Ulikuwa uonevu mtupu, ila ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Ripoti ikapigwa muhuri. Fundi akafungwa kamba kiunoni, akavutwa hadi kwenye jengo la boila, akaachiwa apae. Kutoka darini aliuona mgongo mzima wa boila. Ufa ambao jana ulikuwa wa kiganja sasa ulitimia urefu wa mkono.

Saa nane boila likawashwa.

"Mdogo wangu," aliita, bila kupaza sauti sana, "beba kigoda chako ukakae nje, mbali na mlango."

"Nimeshatoka, dada."

Wafungashaji wenzake kumi na wanne walibaki palepale. Wao walikuwa wameshasomewa ripoti.