Mahindi ya Bi Hajira Yalipovuka Lami

Kwemshindo ni mji wa maduka kumi na moja, msikiti, kanisa na mashine moja ya kusaga, kando ya lami itokayo Korogwe kwenda Handeni. Wenyeji hukueleza, hata kabla hujauliza, kwamba unga wao ndio mweupe kuliko wote mkoani. Msimu wa mavuno malori ya Dar es Salaam hupanga foleni mpaka darajani. Miezi mingine magari hupita bila kupunguza mwendo, maana kituo cha basi hakijaidhinishwa.

Ijumaa moja ya Juni, baada ya swala, Hafsa alishikwa na uchungu. Mkunga Yuditha alimpima, akasema mtoto amekaa vibaya na mama apelekwe hospitali Korogwe. Gari la wagonjwa lililoahidiwa miaka sita iliyopita lilikuwa halijafika, na pikipiki asingeiweza. Wakamlaza mkekani kando ya barabara. Mama mkwe wake, Bi Hajira, akasimama akipunga kanga. Basi la kwanza likapita. La pili likapiga honi, likapita.

Bi Hajira akaligeukia shamba lake, ambalo alililima peke yake tangu mumewe afariki.

"Jamani, ndiyo mmesimama tu mnatazama?"

Mahindi yakang'oa mizizi, yakakung'uta udongo, yakaingia barabarani. Yalijipanga kwa mistari kama yalivyopandwa, ukingo hadi ukingo, kunde zikiwa zingali zimeyazonga miguuni. Basi la tatu likafunga breki.

Dereva, Simeo, akateremka.

"Shikamoo, mama. Haya mahindi ya nani?"

"Marahaba. Yangu. Na huyu ni mke wa mwanangu. Mpeleke hospitali."

"Hapa si kituo, mama. Nitapigwa faini."

"Basi yatakaa hapo hapo mpaka yakomae."

Simeo akazitazama mbelewele; zilikuwa changa bado. Akawaomba abiria wa kiti cha nyuma wasimame. Hafsa alipokwisha kulazwa, mahindi yakapisha, kisha yakarudi kila moja kwenye shimo lake. Kaleb wa mashine ya kusaga alisaidia kufukia mizizi.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji kabla ya magharibi, msichana wa kilo tatu na nusu. Mji mzima ulimwita mtoto wetu.

Wiki iliyofuata alikuja ofisa mmoja wa barabara na futi kamba. Alipima, akamwandikia Bi Hajira onyo kwa kuzuia magari. Alipoulizwa habari za gari la wagonjwa, alisema hilo linashughulikiwa na ofisi nyingine.

Sasa Mwanaisha, muuza vitambaa, anatarajia kujifungua Septemba, na kufikia hapo mahindi yatakuwa yameshavunwa. Bi Hajira amepanda mihogo. Anakiri kwamba mihogo ni mizito kutembea.

"Lakini ni ya Kwemshindo," anasema. "Itafika."