Sikio Jipya la Mpika Halwa

Mzee Uweis alipokuwa kiziwi, halwa yake haikuwa na mpinzani kutoka Malindi hadi Mambrui. Alipopata kusikia, ikaharibika. Ndivyo ilivyokuwa, na anayetaka kubisha aende mtaani kwao akaulize, maana majirani hawajapata kunyamaza tangu siku ile.

Raihana, binti yake, ndiye aliyempeleka Kilifi kutiwa kifaa cha masikioni, kwa hivyo lawama zote zilimwangukia yeye. Hakujali lawama za majirani. Kilichomkosesha usingizi ni neno alilolisema baba yake Jumanne jioni, akiwa ameketi mbele ya sufuria la tatu la halwa iliyoharibika.

"Ijumaa tuna halwa ya nikaha ya mtoto wa Aboud," alisema. "Hiyo nayo ikiharibika, mwanangu, hiki kidude kinarudi Kilifi kilikotoka. Mungu aliniziba masikio nikapika. Nimeyazibua kwa ubishi, naadhibiwa."

"Na Jaha je, baba?"

Mzee alijifanya hakusikia, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili tangu apate kifaa, Raihana alijua anajifanya.

Jaha ni binti wa Raihana, ana miaka minne na ulimi wa watu wazima sita. Alizaliwa wakati masikio ya babu yake yalikwisha kuziba. Miaka yote hiyo mtoto alimwendea babu na habari zake za paka na za mchanga, na babu akamchekea pale pasipo na kichekesho, hata mtoto akachoka, akawa anampita tu kama anavyopita kabati. Siku waliporudi kutoka Kilifi na kifaa kikiwa sikioni, Jaha alipanda mapajani mwa mzee, akamtazama kwa makini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Babu, una nywele puani." Mzee Uweis alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo hawakuachana. Raihana alikuwa akisimama jikoni akiwasikia wakibishana kama paka ana ndoto au hana, na moyo wake ukijaa. Sasa yote hayo yarudi Kilifi ndani ya kisanduku? Haiwezekani!

Ni vizuri ujue namna wanavyopika. Kwenye ukoo wao, watu wa asili ya visiwani, fundi mkuu wa halwa hagusi mwiko. Wanaokoroga ni wanafunzi, tena kwa zamu, maana kukoroga sufuria la shaba kwa saa tatu si mchezo. Fundi huketi kwenye kiti chake hatua nne kutoka motoni, akasikiliza. Halwa mbichi huchemka kwa mlio wa majimaji, wa haraka haraka. Ikikaribia kuiva samli hujitenga, mapovu yakawa yanapasuka mojamoja kwa mlio mkavu, na chini yake mwingine mzito. Hapo fundi husema "Sasa!" na kuni huvutwa. Ukiivua dakika mbili kabla, umepika uji. Ukichelewa dakika mbili, wape watoto wakachezee mpira.

Waliposhindwa kuelewa kwa nini halwa inatoka uji, walifanya kama wafanyavyo watu wote wenye akili. Kwanza walisema ni kijicho, wakafukiza ubani hadi Fondo, mkorogaji wao wa miaka mingi kutoka Matsangoni, akapiga chafya siku nzima. Halwa ikatoka uji. Halafu wakasema ni sufuria, likapelekwa kutiwa bati upya, likarudi linang'aa hata unaweza kujinyolea humo. Halwa ikatoka uji unaong'aa. Kifaa cha sikioni hakuna aliyekishuku ila mzee mwenyewe, naye alikishuku kwa sababu za dini.

Jumatano asubuhi Raihana alimwacha Jaha kwa dada yake, akaenda Kilifi.

Aliyemtia mzee kifaa ni Caroline, mtaalamu wa masikio, msichana wa Junju mwenye kicheko cha karibu na haraka ya mwendo. Alimsikiliza Raihana mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha badala ya kumpa pole, macho yalimng'aa.

"Dada, subiri. Iliharibika baada ya kusikia, si kabla?"

"Baada! Kabla ilikuwa halwa ya kugombaniwa."

"Ngoja nikuonyeshe kitu. Vaa hizi."

Alimvisha vipokea sauti vikubwa vilivyomfunika masikio yote mawili, akamwekea kipaza sauti kidogo karibu na viganja. "Sugua mikono yako. Polepole. Usiache."

Raihana alisugua. Alisikia mchakacho wa viganja vyake, shh, shh, si ajabu. Caroline akazungusha kitufe kwenye mashine. Mchakacho ukawa mwembamba, mkali, na hapo hapo Raihana akaruka kitini.

"Lo! Mikono yangu!"

"Imekuwaje?"

"Imekauka! Imekuwa kama karatasi!" Aliigeuza, akaitazama. Ilikuwa ile ile, laini, na mafuta ya nazi aliyojipaka asubuhi bado yanang'aa. Akasugua tena. Karatasi tupu. "Wallahi, Caroline, umeifanya nini?"

"Mikono sijaigusa. Nimeongeza sauti nyembamba tu." Caroline alikuwa akicheka kwa furaha kama ndiyo mara yake ya kwanza kuliona jambo hilo, ingawa bila shaka alikwisha waonyesha mamia. "Sikio halisikii peke yake, dada. Linapeleka habari kwenye ubongo, na ngozi inapeleka yake, na pua, na macho. Ubongo unaziweka pamoja, unatoa hukumu moja. Na mmoja akipiga kelele zaidi ya wengine, anaaminiwa yeye. Sasa hivi sikio lako limesema 'pakavu', na ngozi yako imenyamaza ikakubali."

Raihana alivua vile vipokea sauti. "Kwa hivyo kifaa cha baba..."

"Kimemrudishia sauti nyembamba alizozipoteza miaka mingi. Kila kitu kwake sasa kinasikika kikavu zaidi kuliko anavyokumbuka. Sufuria nalo linamwambia limeiva kabla halijaiva. Atazizoea, ubongo hujifunza, ila unataka muda."

"Muda hatuna. Nikaha ni keshokutwa."

Caroline aliketi, akatia kidevu kiganjani. "Basi niambie. Miaka ile hasikii, halwa ilikuwa ikiivaje? Alikuwa anafanya nini ambacho siku hizi hafanyi?"

Raihana alifungua kinywa kusema hakuna, akakifunga. Alimwona baba yake miaka yote ile akiinuka kwenye kiti chake kwa hasira ya uongo, akimpokonya Fondo mwiko. "Hamjui kukoroga! Leteni niwaonyeshe!" Kila mara, mwisho mwisho wa pishi. Wao walidhani uzee umemtia ukali. Na tangu apate kifaa amekuwa mpole, ameketi kwenye kiti chake kama baba yake na babu yake, mikono magotini, anasikiliza.

"Mwiko," alisema. Kisha akapiga kelele, hata mgonjwa wa chumba cha pili akachungulia. "Mwiko! Alikuwa akisikia kwa mkono!"

Hakumbuki alivyoaga.

Kumwambia mzee ndiko kulikokuwa kazi. Alhamisi nzima Raihana alilizunguka neno lenyewe kama kuku anayetafuta pa kutaga, akashindwa. Vipi umwambie baba yako kwamba unajua alivunja mwiko wa ukoo kwa miaka saba, tena kwa kuficha? Ijumaa ikafika, moto ukawashwa mapema kwa kuni za mvinje, sukari na wanga vikaingia sufuriani, kisha samli na iliki, na zafarani ikageuza yote rangi ya jua la asubuhi. Fondo alikoroga, Raihana akampokea, Fondo akampokea tena. Mzee Uweis kitini, kanzu safi, kifaa sikioni. Watu wa Aboud walikwisha sema watakuja kuchukua saa tano.

Saa nne na robo mzee aliinua kichwa. Raihana aliutambua ule mwinuo wa kichwa. Ulitangulia uji mara tatu. Akaona asiposema sasa, hatasema tena.

"Baba, kabla hujatoa amri, njoo ushike mwiko."

"Fundi hagusi mwiko."

"Uliugusa miaka saba."

Uso wa mzee ulibadilika, akatazama chini. Raihana alitamani ardhi immeze. Alikuwa amemvua nguo baba yake mbele ya mtu, ndivyo alivyojiona.

Fondo ndiye aliyeokoa jahazi, bila kuacha kukoroga. "Mzee, unisamehe. Mimi hilo nalijua zamani. Ulikuwa ukishika mwiko, mkono unasimama kwanza, ndipo unasema 'Sasa'. Kila siku mkono unatangulia. Nikasema moyoni, huyu mzee ana masikio mkononi. Sikuona aibu mimi, niliona maajabu."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini, na halwa ilikuwa tamu?"

Mzee Uweis alitaka kukasirika, ikamshinda. Aliinuka, akakunja mikono ya kanzu, akazimaliza zile hatua nne. Alipoushika mwiko, mabega yake yalishuka, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake na kuvua viatu. Akakoroga mara moja, mara mbili. Kisha uso ukamkunjamana.

"Ajabu," alisema. "Sikio linaniambia imeiva. Mkono unakataa."

"Mkono unasemaje, baba?"

"Unasema bado. Inateleza. Haijashika." Akaendelea kukoroga, macho yakimtoka. "Na pua nayo iko upande wa mkono! Samli haijanukia. Raihana, wote wanasema bado isipokuwa hiki kidude!"

"Basi kipuuze, baba! Nenda na wengi!"

"Nikipuuze vipi na kimo ndani ya kichwa changu?" Lakini alikuwa anacheka. Jasho lilimtiririka, naye mzee wa miaka sabini na miwili alikoroga kama kijana anayetaka kuonekana na mchumba. Fondo alinyoosha mkono kumpokea, akapigwa kofi la upole. Mlangoni watu wa Aboud wakabisha hodi, wamewahi, wamekuja na masinia. "Ngojeni!" walipigiwa kelele na watu watatu kwa pamoja.

Saa nne na nusu. Saa nne na dakika thelathini na tano. Mwiko ulianza kuwa mzito, Raihana aliona kwenye mishipa ya mikono ya baba yake. Harufu ya samli ikapanda, ikajaza jiko, ikatoka hadi mlangoni na kuwanyamazisha waliokuwa wakinung'unika. Mzee alifumba macho.

"Nyamazeni," alinong'ona. "Nyamazeni, nyamazeni. Kuna mlio mwingine. Chini ya ule mkavu. Upo hapa chini, mzito... mkono ukivuta, nao unalia. Ukivuta, unalia. Yarabi, ndio huu! Raihana, ndio huu wa zamani! Ulikuwepo wakati wote, nami nikimsikiliza yule mpiga kelele!"

Mkono ukasimama.

"Sasa!"

Fondo alizivuta kuni kwa miguu na mikono, cheche zikaruka. Raihana alichota kwa kijiko, akamwaga kwenye sahani, akapepea kwa kanga, akashindwa kungoja, akajiunguza kidole. Aliivuta. Ilivutika, ikang'aa, ikakatika taratibu, na samli ikabaki kama umande juu yake. Alijaribu kusema imeiva, akajikuta analia. Fondo akasema kwa niaba yake, tena kwa Kigiriama, na kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Watu wa Aboud walijaziwa masinia yao, wakaondoka wakijilamba vidole kabla ya pembe ya njia, jambo ambalo si adabu hata kidogo kwa halwa ya nikaha. Mzee Uweis hakuwasindikiza. Alibaki kwenye sufuria amewapa wote mgongo, akikwangua ukoko pembezoni, akigongesha mwiko kwenye shaba na kusikiliza, akigongesha tena mahali pengine na kusikiliza.

Jaha aliingia kwa mlango wa nyuma. Aliuona ule mgongo, na kanzu iliyolowa, akadhani babu amekasirika tena kama Jumanne. Akamvuta mama yake kanga, akamnong'oneza sikioni, kwa ile sauti ndogo ya watoto ambayo hata Raihana aliinama kuipata.

"Mama, babu atakirudisha kile cha kunisikilizia?"

"Hakirudi," alisema mzee, bila kugeuka. "Lete kidole chako uonje."