Haiitwi Popote

Dalali alifunga kompyuta kwa ngumi ya kushoto, ile pekee iliyokuwa bado inamtii, kisha akageuzia uso wake ukutani. Dada yake, aliyekuwa akikunja nguo za watoto kwenye kitanda cha pili, alimuuliza kulikoni. Hakujibiwa. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya kaka mtu sauti, na kwa mtu aliyekula kwa mdomo wake, akinadi makabati na majokofu hadi watu wakajikuta wamenunua wasivyovihitaji, huo ulikuwa wizi wa mchana kweupe.

Alichobaki nacho ni kidole kimoja na Kitongoji. Kitongoji hakikuwa na udongo wala bati. Kilikuwa dunia ya mtandaoni, ambamo watu wa huku na huko walijijengea nyumba, vichochoro na vibaraza, wakatembea humo kwa miili ya kuchora. Programu iliyokiendesha ilikuwa huria, msimbo wake, yale maandishi yanayoiongoza, wazi kwa kila mtu, ukitunzwa na wachache waliojitolea. Mmoja wao alikuwa huyo huyo dada, mama wa watoto watatu, mwenye stashahada ya kompyuta na ulimi usiojua kona. Huko walimwita Mama Viraka, kwa kuwa palipotoboka yeye ndiye aliyeshona.

Kwa ajili ya kaka yake alikuwa ameandika amri aliyoiita subira. Mtu aliyekaa kwenye kiti chenye amri hiyo akianza kuandika, maneno ya wenzake barazani yalingoja mpaka amalize. Basi. Dalali alijiundia kiti, akakitia subira, na kila alasiri akawa anawachamba kinyozi, muuguzi mstaafu na wengineo, herufi moja moja. Wenye vidole vizito kama vyake wakainakili. Kinyozi alipenda kusema kwamba kutaniwa na Dalali ni kama kuchomwa kwa makaa: unaiva polepole, lakini unaiva.

Mama Viraka aliweka nguo chini, akafungua kompyuta na kusoma mazungumzo ya siku ile. Kinyozi alianza kwa mzaha juu ya kipara chake mwenyewe. Dalali akaanza kujibu. Kidole kikiwa bado njiani, wengine walishapita, mzaha ukaisha, na kinyozi akawaambia kwa sauti ya chini, kama maandishi yanaweza kuwa na sauti ya chini, kwamba mama yake amefariki. Chini ya neno hilo ndipo jibu la Dalali lilipotua: "Ulitegemea nini? Kwenu wote ni vibuyu."  Kisha muuguzi akaandika, "Dalali, umelewa?"

Mama Viraka alitaka kulia, akakasirika badala yake. Hasira ilikuwa karibu zaidi. Alipekua kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, na haikumchukua muda. Mratibu mpya wa mradi, kijana wa kusifiwa waliyempa jina la Fagio kwa kupenda usafi, alikuwa ameing'oa subira nzima katika toleo la majaribio lililowashwa Kitongoji asubuhi ile, na kuacha maelezo mafupi: "Nimeondoa msimbo mfu. Amri hii haiitwi popote."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomchoma. Ndani ya programu hakuna mstari ulioiita ifanye kazi. Iliitwa na viti, vitu walivyoviunda wakazi wenyewe huko Kitongoji, ambako utafutaji wa Fagio haukufika. Ni mtu aliyewatafuta walaji jikoni, akawakosa, akavunja vyungu.

Alimpigia simu palepale. Fagio alipokea kwa adabu zake zote, dada hivi, dada vile. Akaeleza kwamba alifuata utaratibu: alitangaza mabadiliko, akangoja pingamizi, hakuna aliyesema kitu.

"Asiyeweza kusema angesemaje?"

Fagio akashusha pumzi. Akasema anasikitika, lakini mpaka sasa mlalamikaji ni mmoja tu, na toleo jipya linatoka kesho. Subira itafikiriwa kwenye toleo litakalofuata.

"Kazi yetu nzima ni kutofautisha sifuri na moja," alisema Mama Viraka. "Na wewe imekushinda."

Toleo halikuweza kutoka bila saini yake. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa siri wa kutilia saini hiyo. Alimwambia hivyo bila kupandisha sauti, na watoto wake, ambao waliijua sauti hiyo, wakatoka nje mmoja mmoja. Subira irudi kabla ya toleo. Na ikisharudi, Fagio aje barazani.

"Nije kufanya nini?"

"Kukaa."

Kazi ngumu ilikuwa humu chumbani. Subira ilirudi kesho yake, lakini Dalali hakutaka hata kuiona kompyuta. Alichukua simu akaandika: WAMENICHOKA. Dada mwingine au jirani angembembeleza. Dada yake hakuwa na ufundi huo.

"Hawajakuchoka. Umemtukana mwenzio msibani, ndivyo wanavyojua." Akamweleza yote: amri, ufagio, vibuyu. "Aliyekukata yupo barazani sasa hivi. Ukitaka, baki na ukuta wako."

 Dalali akanyoosha mkono wa kushoto, ainuliwe.

Walikuwepo wote. Kinyozi alikaa pembeni, hakusalimia. Fagio alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha muuguzi, nacho kilikuwa na subira. Mama Viraka aliingia kwa simu yake, akiwa amesimama nyuma ya kaka yake, na maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni tangu jana. Aliyaandika yote: utaratibu, jikoni, vyungu, na mengine yasiyofaa mbele ya watoto. Akabonyeza kutuma. Hayakwenda. Dalali alikuwa ameshaanza kuandika, na amri aliyoiandika Mama Viraka mwenyewe ilikuwa imemfunga kinywa.

Akasimama hapo, akihesabiwa herufi na kidole cha kaka yake. Kilikosea, kikafuta, kikarudi. Aliunyoosha mkono kumsaidia. Dalali akaupiga kofi bila kugeuka. Akaurudisha. Kisha, polepole, aliufuta ujumbe wake, mstari baada ya mstari, mpaka nafasi ikabaki nyeupe.

"Kinyozi, pole kwa mama," yalisomeka maneno yalipofika. "Sikujua. Ungejua ninavyochelewa, ungenisamehe vibuyu."

Mwili wa kuchora wa kinyozi ulisogea kiti kimoja karibu. Kidole kilikuwa kimeshaanza tena.

"Sasa nani kati yenu alinikata ulimi?"

Juu ya kichwa cha Fagio ikawaka alama ya mtu anayeandika. Ikazimika. Ikawaka tena. Subira ilizuia maneno ya baraza zima, na hakuna aliyeweza kumsaidia wala kumkatiza.