Barua Iliyopitia kwa Mama

Hasira zangu zilishakwisha, kwa hiyo nasimulia kavukavu.

Karakana ya useremala alituachia marehemu baba, mimi na kaka yangu. Yeye anakata mbao, mimi napiga msasa na vanishi. Tuliandikiana mkataba: tukikorofishana hatuendi mahakamani, tunakwenda kwa msuluhishi, na aliyeonewa afungue shauri ndani ya siku tisini tangu aonewe. Zikipita, basi tena. Kaka akabadilisha kufuli, akanifungia nje. Miaka kumi na saba ya mikono yangu imo mle ndani.

Siku ya ishirini niliandika barua ya kudai usuluhishi, nikampa mama ampelekee. Msinicheke. Kwetu neno gumu halijawahi kwenda moja kwa moja. Tangu tukiwa wadogo, ukimkasirikia mwenzio unamtuma mama. Nikakaa nikingoja, nimetulia tuli, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Jibu halikuja, nikamwendea msuluhishi mwenyewe, naye akatuita sote. Siku ya tisini na sita tukaketi kwake, kwenye chumba chenye feni mbovu na kalenda ya mwaka juzi. Akamuuliza kaka barua aliipata lini.

"Barua gani?" kaka akasema. Wallahi hakudanganya. Namjua akidanganya, masikio humcheza.

Nikadakia, "Mimi niliiandika siku ya ishirini! Tarehe si hiyo hapo kwenye nakala niliyobaki nayo?"

"Dada yangu," msuluhishi akasema, "mkataba wenu haukusema shauri linahesabiwa limefunguliwa lini. Umesema tu mtafuata sheria ya hapa ilipo karakana. Na sheria ya hapa inahesabu siku mwenzio alipoipokea barua, si siku ulipoiandika. Na tisini zimeshapita."

Nilingoja nilie. Wapi! Nilihisi ganzi tu, nikawa nahesabu mapanga ya feni.

Mama, aliyekaa nyuma yetu, akafungua mkoba wake. Barua ilikuwa humo, bahasha haijafunguliwa. "Nilikuwa nawangoja mje kula pamoja," akasema, "nimpe mkiwa mnacheka."

Kaka akaisoma yote. Nilikuwa nimeomba kona yangu ya vanishi tu. Akaikunja, akaitia mfuko uleule wenye ufunguo wa karakana, akatoka.

Mama akanishika mkono. "Si ameshaipata sasa, mwanangu?"

"Ameipata, mama," nikamwambia.