Shemeji Ameshika Ukuta

Mama Pacha wa chumba cha mbele anadai kwamba yeye ndiye aliyemwona wa kwanza. Anasema alikuwa amekaa benchi la pili kwenye banda la video, mchana, jua linapenya kwenye matundu ya mabati, na filamu ilikuwa imefika pale shujaa anapotua juu ya ghorofa na kuvuta pumzi. Shujaa akageuka, akawatazama watu wa mabenchi, akapitisha mguu mmoja kwenye shuka lililotundikwa kuonyeshea filamu, halafu wa pili. Shuka likatikisika kidogo kama limepigwa na upepo. Akapita katikati ya mabenchi akisema samahani, samahani, maana joho lake lilikuwa linawagusa watu usoni, akatokea mlango wa mbele. Mtafsiri, kwa maneno ya Mama Pacha, hakusimamisha filamu. Ghorofa lilibaki pale kwenye shuka bila mtu, naye akaendelea kuwaeleza watu habari za ghorofa.

Mama Pacha huongeza chumvi, hilo kila mpangaji analijua. Lakini safari hii kulikuwa na mshono. Lile shuka la banda la video lilikuwa limechanika upande wa kushoto, likashonwa kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Shujaa alipoingia uani alikuwa na mshono huohuo, umetoka begani ukashuka mpaka mbavuni, uzi wa bluu.

Aliyelishona shuka ni binti wa chumba cha mwisho, anayeitwa Sinema. Kazi yake ni kushona sare za shule. Cherehani yake hukaa uani, karibu na ukuta wa chumba chao, ili mama yake aisikie akiwa kitandani. Mama alivunjika nyonga na tangu hapo hajainuka. Hawezi kubebwa bila kupiga kelele za maumivu, na vyumba vingine vimejaa watu.

Ukuta huo ndio uliokuwa umeinamia uani. Ulianza kidogo, mtu akidhani ni macho yake, halafu ukafika mahali ambapo ndoo ikiwekwa chini yake wakati wa mvua hailowi. Mwenye nyumba aliahidi kuleta fundi mwashi. Kila alipoulizwa aliahidi upya, kwa adabu, bila kuchoka. Kwa hiyo wapangaji waliweka zamu. Mvua ikianza, walio zamu hutoka na vikombe vyao vya chai, hugeuka, hubandika migongo ukutani na kukaza miguu mpaka mvua ikatike. Hakuna aliyeona kwamba ni jambo la ajabu. Aliyekuwa na mgongo mbaya alitumia mabega. Wageni wakija walipewa chai na nafasi ya kuegemea.

Kwenye zamu ndipo Sinema alipozungumza. Shuleni alifika darasa la saba, lakini filamu za mashujaa na vitabu vyao vya katuni alivijua kuliko mtu anavyowajua ndugu zake. Vitabu alivipata kwa muuza duka, ambaye aliletewa marundo ya karatasi za kufungia bidhaa. Muuza duka alianza kuchana nyuma, kwa hiyo hakuna kitabu kilichomfikia Sinema kikiwa na kurasa za mwisho.

Yeye aliona vitabu ni bora kuliko filamu. Kwenye kitabu, mtu akirukia hewani anabaki hewani mpaka wewe utakapofunua, na unaweza kwenda kupika ukarudi umkute palepale. Filamu haina subira hiyo. Aliona pia kwamba filamu za siku hizi zina mashujaa wengi mno, wanasimama pamoja kama mkutano wa wapangaji, kila mtu ana neno na hakuna anayekwenda kuchota maji. Wale wanaofunika macho tu aliwadharau. Jirani hamtambui mtu kwa macho, alisema, humtambua kwa mwendo na kwa kikohozi. Na majoho yao yalimuudhi. Joho limeshikwa na nukta mbili shingoni, mtu anaruka nalo juu ya bahari, na shingo haina hata alama!

"Wewe Sinema," Mama Pacha alimwambia siku moja, wote wawili wamebandika migongo, "unawasema hao watu kama wifi anavyomsema mke wa kaka yake. Mimi nampenda yule anayelia."

"Yule ndiye mbaya kuliko wote."

"Kwa nini? Ana moyo."

"Analia juu ya paa. Chini yake basi limerushwa kwenye duka la mtu. Dada wa watu anaokota vioo, yeye yuko juu analia. Wote ndio tabia yao. Wakishamaliza kupigana wanaondoka. Huyo dada hatumwoni tena."

"Labda wanarudi baadaye."

"Umeshawahi kuwaona wakirudi?"

Mama Pacha alifikiri. Hakuwahi. Banda la video hukata filamu kabla haijaisha ili watu wa zamu inayofuata waingie. Upande wa pili wa ukuta mama aligonga kwa fimbo yake, maana yake anakubaliana na binti yake na waendelee, asikie.

Mtafsiri wa banda alikuwa akija kushonewa suruali, na akija alisikiliza. Lugha ya filamu hakuijua, wala hakuficha. Yeye alitazama midomo ya watu na kuisemea, wote kwa sauti yake moja nene, shujaa, adui, bibi harusi na mtoto. Maneno yakimwishia aliazima aliyoyasikia uani. Siku ile, shujaa alipotua juu ya ghorofa, mtafsiri alikuwa ameishiwa, akamsemea hivi: "Mimi huwa naondoka mapema mno. Kuna mama mmoja amelala nyuma ya ukuta, na ukuta umeinama." Baada ya kusemewa hivyo mbele ya banda zima, shujaa alibaki na njia moja tu.

Aliwakuta Sinema na Mama Pacha wanakaribia kuegemea, maana manyunyu yalikuwa yameanza na Mama Pacha alikuwa amewahi kufika mbio, akieleza aliyoyaona huku anahema. Shujaa aliwaamkia. Akaweka kiganja cha kulia ukutani. Ukuta ukarudi ndani taratibu, kwa mlio wa droo inayofungwa vizuri, ukasimama wima.

"Karibu," Sinema akamwambia.

Mdomo wa shujaa ulicheza kwanza, sauti ikafuata baadaye kidogo. Ilikuwa sauti ya mtafsiri. "Asante. Nimeambiwa tunaondoka mapema."

"Ni kweli mnaondoka."

"Ungependa tufanyeje?"

Sinema aliwahi kulifikiri swali hilo kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuhitaji kufikiri tena. "Mkae. Wewe usiondoke."

"Sawa," sauti ikasema, mdomo ukiwa umeshafunga.

Wapangaji walimwita Shemeji. Mama Pacha ndiye aliyeanza, ili kumchokoza Sinema, na jina likakaa. Walimzoea upesi. Waliotundika nguo walifunga kamba kutoka kwenye mlingoti mpaka kwenye mkono wake wa kushoto, uliokuwa hauna kazi. Mtafsiri alipopata mafua, Shemeji naye alizungumza kwa mafua siku zilezile. Sinema alimshonea joho upya shingoni, mshono wa kurudia, na akamwambia kwamba sasa anaweza kuruka nalo, halafu akakumbuka kwamba haruki.

Mchana alimwekea kitabu kwenye mkono wa kushoto naye akafunua mwenyewe kwa kidole gumba. Walibishana. Shemeji hakupendezwa na maadui. Sinema aliwatetea kwa jambo moja, kwamba adui angalau huwa na mpango, na watu wengi wamepata ajira kwake.

"Shujaa ana mpango gani?" aliuliza. "Anangoja mtu apige kelele."

"Ni kweli," sauti ikakubali. "Tunangoja."

Kisha mwenye nyumba akaja, na safari hii alikuja na fundi mwashi kweli. Fundi alikuwa na mwiko, kamba na timazi, na nyuma yake kijana alisukuma toroli la mchanga. Kwa kuwa ahadi ilikuwa imetimia, Mama Pacha alipiga kigelegele. Sinema alikwenda dirishani kumwambia mama yake, na mama akaomba achanwe nywele.

Mwenye nyumba alimtazama Shemeji kuanzia buti mpaka kichwani.

"Huyu ni wa nani?"

"Shemeji," wakamjibu.

"Hajambo?"

"Sijambo," sauti ikasema.

Mwenye nyumba akamgeukia fundi. "Pima."

Fundi alining'iniza timazi juu ya ukuta, akangoja kijiwe kitulie, akafumba jicho moja. "Umesimama. Umesimama vizuri kuliko ule niliojenga jana."

"Utaanguka?"

"Kwa sasa hauanguki. Lakini bosi, umeshikwa na mtu."

"Nimekuuliza utaanguka?"

"Hauanguki."

"Basi." Mwenye nyumba aliwageukia wapangaji, uso umemchangamka. "Nyinyi mna bahati sana. Kuna watu wana kuta zao na hakuna anayezishika."

Sinema alimfuata mpaka getini. Alimwambia, baba, yule si tofali, ni mtu. Mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, ni mtu msikivu. Akamwambia, "Akichoka mniambie. Siku hiyohiyo namleta fundi." Fundi mwashi alikwishafunga kamba yake. Mchanga ulisukumwa kurudi ulikotoka.

Tatizo ni kwamba Shemeji hachoki. Kwenye filamu hawachoki, hupepesuka kidogo tu kabla ya kushinda, na pale uani hapakuwa na wa kumshinda. Sinema alimuuliza kila asubuhi kama amechoka, na kila asubuhi alijibu kwamba hapana, kwa sababu mashujaa pia hawasemi uongo. Sinema alimwambia kwamba hilo nalo ni kosa la kitabu.

Baadaye stendi ya tangi la maji ikaota kutu mguu mmoja. Mwenye nyumba alipita, akaomba kwa upole, na Shemeji akalishika tangi kwa mkono wa kushoto. Kamba ya nguo ikahamishiwa shingoni. Kuanzia hapo Sinema ndiye aliyemfunulia kurasa, akisimamisha cherehani kila mara kwa kiganja kwenye gurudumu.

Zamu zikafa. Mvua ikinyesha wapangaji hukaa vyumbani mwao, milango imefungwa, na uani hubaki Shemeji na tangi. Mama aligonga ukuta kwa fimbo akitaka kusikia watu, akasikia maji tu. Alimwita binti yake dirishani.

"Wamekwenda wapi wote?"

"Wako ndani, mama. Hakuna haja ya kuegemea."

"Na huyo mgeni, amekula?"

"Hali, mama. Kwenye vitabu hawali."

"Kwenye vitabu," mama akasema, na akageuza uso upande wa pili.

Siku moja mchana, Sinema alikuwa anatia mikanda kwenye sketi za shule na Shemeji alikuwa amemaliza kitabu. Alikitazama kwa muda pale karatasi zilipochanwa.

"Hiki hakina mwisho," sauti ikasema.

"Havina. Mwenye duka anaanzia nyuma."

"Vyote?"

"Vyote nilivyosoma."

Mdomo wa Shemeji ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Sauti ilichelewa kuliko kawaida, kwa sababu mtafsiri alikuwa kazini na filamu ilikuwa na watu wengi.

"Kwenye ukurasa wa mwisho huwa tunarudi. Tunakwenda kwa yule dada wa duka, tunaokota vioo, halafu tunakwenda nyumbani. Mimi nina chumba. Kuna mtu hunivuta buti, maana huwa zimebana. Ananiuliza siku ilikuwaje. Hapo ndipo panapoandikwa mwisho."

Sinema alishika mkanda wa sketi na hakuushona. Maoni yake yote juu ya mashujaa, aliyoyatoa kwenye zamu miaka mingi ya mvua, yalikuwa yamesimama kwenye kurasa ambazo zilikuwa zimefungia sabuni na misumari kwenye nyumba za watu wengine. Alizitazama buti. Zilikuwa zimezama kwenye udongo wa ua mpaka vifundoni, na majani yalikuwa yameanza kuota pembeni yake.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Hapana."

"Sema umechoka. Mara moja tu. Nitakimbia mwenyewe nikamwite mwenye nyumba."

"Sijachoka," sauti ikasema. "Nataka kwenda nyumbani."

Mama Pacha alipita na beseni la nguo zilizolowa. Alianika shuka moja kwenye kamba, shingoni mwa Shemeji, akalinyoosha makunyanzi. "Shemeji, hujambo," akasema, na hakungoja jibu, maana jibu huchelewa. Akaingia ndani.

Nyuma ya ukuta mama alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi cha mtu anayetaka kulala. Kitanda kikalia, fimbo ikateleza ikagonga sakafu.

Mdomo wa Shemeji ulicheza. Sinema alikwishaujifunza mdomo huo, aliweza kuusoma kabla sauti haijafika, na aliusoma. Aliinamisha kichwa, akaweka mguu kwenye kanyagio la cherehani, akazungusha gurudumu kwa kiganja, na sindano ikaanza kutembea kwenye mkanda wa sketi. Sauti ikafika, nene, yenye mafua kidogo, ikapita juu ya mlio wa cherehani.

"Dada, ni wewe uliyeniambia nisiondoke. Niambie basi niende."

Alipomaliza sketi ile, alichukua nyingine.