Ruhusa ya Kumzika Bibi Stefania

Saa moja asubuhi, pale Manundu, Janeth aliweka kilaptop chake juu ya meza ya cherehani, akawasha bando, akamimina chai ya rangi. Kilikuwa cha bei ya chini, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, na ndani hakikuhifadhi kitu; kazi yote ilikaa kwenye kompyuta za kampuni, katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kumtajia. Alikuwa analetewa picha za mashamba, anayazungushia magugu rangi nyekundu. Kila dakika kumi kamera ilimpiga picha, kuhakikisha kuna mtu amekaa.

Siku hiyo bibi yake Stefania alikuwa anazikwa Lutindi. Janeth aliomba ruhusa. Msimamizi akamwandikia kwa upole kwamba ruhusa ya msiba huombwa wiki mbili kabla. Asiyeonekana kwenye kamera atahesabika ameacha kazi.

Saa mbili bibi akapiga hodi, amevaa gauni lake la Pasaka, pamba puani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Toka hapo ukanizike, usije ukasemwa.”

“Na kamera je?”

“Si inataka uso? Ninao.”

Janeth akapanda bodaboda. Kule Lutindi jeneza lilikuwa jepesi; Erasto na wabebaji wenzake walishukuru, maana kile kilima si mchezo. Mchungaji akasema Stefania sasa amepumzika. Janeth akatupa udongo wake, akalia vizuri, akala wali.

Aliporudi saa kumi na moja, bibi alikuwa amemaliza picha mia tisa. Janeth mwenyewe, akijitahidi sana, humaliza mia tatu. Lakini bibi amelima miaka sitini. Gugu analijua hata likijifanya mchicha.

“Nimepigwa picha hamsini na nne na pamba zangu puani,” alisema akitafuta kandambili. “Hakuna hata mmoja aliyenipa pole.”

Akaenda zake kuwahi kaburi.

Ujumbe wa msimamizi ukaingia: hongera, Janeth. Kwa kuwa imeonekana inawezekana, kuanzia kesho kila mtu ni picha mia tisa kwa siku. Janeth akajibu, asante.

Kesho yake saa mbili, hodi. Janeth hakugeuka, alisogea tu kwenye benchi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba.” Gauni la Pasaka lilikuwa na udongo mwekundu mabegani. “Mchungaji alisemaje jana?”

“Kwamba umepumzika.”

“Alisema vizuri,” bibi akasema, akavuta kilaptop upande wake.